Polisi Hufunzwa Wapi?

Uliza Kitale, uliza Bungoma, jibu halichelewi. Kuna wanaosema polisi hawana vifaa: gari limelala bila mafuta, tochi ni simu ya askari mwenyewe, karatasi ya kuandikia inaletwa na mlalamishi. Kuna wanaosema polisi hawakufunzwa: wanajua kwata na bunduki, lakini hawajui kumsikiliza mama aliyefika kaunta akilia. Makundi haya mawili yamejibizana tangu siku za kamati ya Jaji mstaafu Philip Ransley mwaka 2009 hadi ile ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, iliyoteuliwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti yake Novemba 2023. Kamati zote mbili zilisema vyote vinahitajika. Ni kweli, ila jibu hilo lina hasara yake: serikali ikiombwa vyote hutoa kwanza kile kinachopendeza kwenye picha, na kwenye picha gari jipya hupendeza kuliko sajenti anayejua kazi.

Kwa hiyo nimewaketisha watu wanne kwenye hoteli moja ya chai na mandazi pale Kamukuywa, barabara ya Kitale inapogawana wasafiri wa Webuye na wa Kimilili. Yupo sajenti mstaafu wa Kitale. Yupo mama msaidizi wa kisheria kutoka Bungoma mjini, mwenye mkoba uliojaa faili za watu wasioweza kulipa wakili. Yupo mwalimu kutoka Cheptais, mteremko wa Mlima Elgon. Na yupo kijana wa bodaboda wa Kanduyi ambaye hakualikwa. Alimleta mwalimu, chai ikamnogea. Watu hawa nimewatunga mimi. Mambo wanayoyataja sikuyatunga.

SAJENTI: Nianze mimi, kwa maana najua mtanigeukia tu. Nimefunzwa Kiganjo, baridi ya Nyeri ikanila kama ilivyomla kurutu mwingine yeyote. Asiniambie mtu kwamba polisi hafunzwi. Nilifunzwa kuandika taarifa, nikafunzwa kumkamata mtu na kumwambia kosa lake, nikafunzwa kulinda mahali pa tukio asipite mtu. Halafu nikapelekwa kituo kisicho na utepe wa kuzungushia mahali pa tukio. Utalinda kwa nini? Kwa matawi ya mkaratusi? Saa nane usiku simu inatoka Endebess, wezi wa ng'ombe wameingia. Gari lipo, tena zuri, la kukodi; serikali ilianza kukodi magari ya polisi mwaka 2013. Lakini mafuta ya mwezi yaliisha na mwezi haujaisha. Mwenye ng'ombe anasema, afande, nitaweka mafuta. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

KIJANA: Na asiye na pesa ya kuweka mafuta, Kuka, babu yangu?

SAJENTI: Huyo anangoja kupambazuke.

KIJANA: Basi hapo ndipo mlipofunzwa. Si Kiganjo.

Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana amelisema kwa maneno machache lile ninalolitafuta katika mjadala huu. Tumezoea kusema ukosefu wa vifaa unamzuia polisi kutumia mafunzo yake. Ni zaidi ya hapo: ukosefu wenyewe unafundisha. Askari mgeni anapowasili kituoni, mwezi wake wa kwanza tu, anaona mwenye duka ameweka mafuta na kesi yake imetembea, na mama wa mboga hakuweka na kesi yake imelala. Hakuna aliyemwambia auze huduma. Ameona mwenyewe gari linaelekea kwa nani, na mhadhara wa haki za binadamu aliousikia chuoni hautaling'oa somo hilo.

MSAIDIZI: Msimhurumie Mzee upesi hivyo. Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru, Jaji Makau, ilitoa uamuzi katika kesi ya wasichana walionajisiwa huku polisi wakikaa bila kuchunguza. Mahakama haikusema polisi walikosa mafuta. Ilisema kutochunguza kwao, au kuchunguza ovyo, kulivunja haki za watoto wale. Ikamwamuru Inspekta Jenerali kuhakikisha kesi zinachunguzwa haraka na kitaalamu, na kutekeleza kifungu cha 244 cha Katiba. Kifungu hicho kinataka polisi wafunzwe hadi kiwango cha juu kabisa cha uwezo na uadilifu, na waheshimu haki za binadamu. Sasa sikilizeni. Mwezi uliofuata, Juni 2013, hapa jirani Busia, upande wa Butula, msichana wa miaka 16 anatoka kwenye mazishi ya babu yake, genge linambaka na kumwacha na majeraha yaliyomfanya ashindwe kutembea. Dunia ilimjua kwa jina la kubuni, Liz. Washukiwa watatu wanafikishwa kambi ya polisi. Mnajua adhabu waliyopewa? Wafyeke nyasi za kambi, kisha waende zao. Mzee, vifaa gani vilikosekana siku ile? Mafyekeo yalikuwepo.

SAJENTI: Hilo silitetei. Ni aibu ya sare niliyovaa.

MSAIDIZI: Ahsante.

SAJENTI: Lakini niruhusu niulize, mama. Askari wa kambi ndogo kama ile, ambaye kazi yake tangu zamani ni kukaa karibu na ofisi ya chifu, nani alimfunza kushughulikia kesi ya ubakaji?

MSAIDIZI: Mtu anahitaji kufunzwa ndipo ajue kwamba ubakaji haulipwi kwa nyasi?

SAJENTI: Kujua kwamba ni kosa, hapana. Kujua hatua inayofuata, ndiyo. Askari asiyejua hatua inayofuata hufanya ile anayoijua. Mlevi, afyeke. Mpiga kelele, afyeke. Akaja mbakaji, naye akaambiwa afyeke.

Sajenti hapa amesema jambo zito kuliko alivyokusudia. Kesi ile ilizaa ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya milioni moja kutoka pembe zote za dunia, na Aprili 2015 mahakama ya Busia ikawafunga wanaume watatu miaka 15 kila mmoja. Kisheria mambo yaliishia pazuri. Lakini ombi la watu milioni moja si njia ya kuendesha kituo cha polisi. Wasichana wengine wa Sirisia, wa Saboti, wa Tongaren, ambao majina yao hayakufika kwenye magazeti, kesi zao hutegemea kama askari wa kaunta siku hiyo anaijua hatua inayofuata.

Nikamwomba msaidizi atuoneshe hatua hiyo pale pale mezani, kama anavyowaeleza akina mama wanaomjia.

Alitoa mkobani bahasha ya kaki, ile kubwa ya ofisi, akaisogeza mbele ya kikombe chake. Mtoto amenajisiwa, alisema. Mama mtu, kwa uchungu na kwa usafi wa kawaida, anataka kumwogesha na kufua nguo. Asimwogeshe, asifue. Ampeleke hospitali kwanza, na iwe ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Nguo ikiwa na unyevu haitiwi kwenye mfuko wa plastiki. Serikali iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, lakini nyumbani haukosekani mmoja uliofichwa nyuma ya kabati, na ndio mama anaouchomoa. Ndani ya plastiki unyevu haupati pa kutokea. Nguo inaota ukungu, na bakteria wanaharibu chembe ambazo zingemtambulisha mkosaji. Nguo inaanikwa kivulini ikauke, kisha inatiwa kwenye karatasi, kila nguo na bahasha yake. Bahasha inafungwa, inaandikwa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), tarehe, saa na jina la aliyeipokea, na anatia saini. Kuanzia hapo kila mkono unaoishika unaandikwa: kutoka kwa mama hadi kwa askari, kutoka kwa askari hadi stoo ya vielelezo, kutoka stoo hadi maabara ya Mkemia wa Serikali, iwe Kisumu au Nairobi. Mkono mmoja ukikosa saini, wakili wa mshtakiwa atasimama kortini aulize nguo hii ililala wapi usiku wa Ijumaa. Asipojibiwa, kesi imekwisha.

MSAIDIZI: Nimeona nguo zikiletwa kituoni vizuri, zikatupwa juu ya kabati pamoja na vyuma vya pikipiki. Nimeona pia askari wa kike, mdogo kwa umri, akitoa bahasha yake mwenyewe aliyoinunua dukani. Wote wawili walipitia chuo.

KIJANA: Bahasha ni pesa ngapi kwani?

MSAIDIZI: Haifiki nauli unayonidai kutoka Kanduyi hadi mjini.

Sasa niambieni, bahasha ile ni kifaa au ni mafunzo? Askari aliyefunzwa bila bahasha atatumia gazeti la juzi au plastiki aliyoletewa. Askari mwenye rundo la bahasha asiyejua kwa nini karatasi na si plastiki atazitumia kufungia barua. Na wote wawili, kama OCS, mkuu wa kituo, hafungui stoo ya vielelezo hata mara moja kwa mwezi akague, wataacha baada ya wiki chache. Mjadala wetu wa kitaifa umekigawa kitu kimoja vipande viwili, kisha ukavipeleka kwa wizara na wafadhili tofauti: wengine wanajenga majengo, wengine wanaandaa warsha za siku tatu hotelini. Mwaka 2004 dawati la kwanza la jinsia lilifunguliwa kituo cha Kilimani, Nairobi. Oktoba 2021 ukazinduliwa mpango wa Policare, ili mhanga ahudumiwe mahali pamoja asizungushwe. Mipango mizuri yote miwili. Lakini dawati la jinsia ambalo ni meza tu, kwenye chumba kile kile walimo washukiwa, humfunza mhanga jambo moja: asirudi tena.

KIJANA: Mimi nina swali la kabla ya chuo. Nilikwenda kuandikishwa hapo uwanja wa Kanduyi. D+ ninayo, tena zaidi kidogo. Nilikimbia, nikapimwa kifua, meno yakakaguliwa kama ya ng'ombe wa mnada wa Chwele. Hakuna aliyeniuliza, je, ukimkuta mtu amelewa na anakutukana utafanya nini? Sikuchukuliwa, na sisemi nilidaiwa kitu. Ila mtaani kila mtu ana bei anayoitaja. Sasa aliyeuza ng'ombe wa baba yake ili aingie, si kwanza atamrudisha ng'ombe?

SAJENTI: Hayo ni maneno ya mtaani.

MSAIDIZI: Si ya mtaani tu, Mzee. Julai 14, 2014 waliandikishwa makurutu 10,000 nchi nzima kwa siku moja. IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ikaenda mahakamani kupinga. Oktoba 31 mwaka huo Jaji Isaac Lenaola akalifuta zoezi zima kwa sababu ya kasoro na ufisadi, na Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ikasimama na uamuzi huo. Zoezi likarudiwa upya.

SAJENTI: Nakumbuka. Vijana walikuwa wameshapewa barua. Wengine walilia.

MSAIDIZI: Na walilia kwa haki, kwa sababu wako waliopita kwa miguu yao. Hiyo ndiyo hasara ya hongo: inamchafua hata asiyetoa.

Kuhusu urefu wa mafunzo sitakaa sana. Kurutu wa zamani alikaa miezi tisa. Baada ya Ransley ikapanda hadi 15. Kisha ikashushwa tena. Sajenti anaona miezi 15 ilikuwa sawa. Mimi sioni muujiza ndani ya idadi ya miezi. Kwata nayo hudharauliwa bure na watu waliosoma: inamfunza mtu kutii amri mbele ya hatari. Tatizo ni kwamba kaunta ya ripoti haina kamanda wa kupaaza sauti. Pale askari yuko peke yake na mtu mwenye shida na kitabu cha OB, na kinachohitajika ni busara, ambayo hujifunzwa kwa kumtazama aliyetangulia akifanya kazi.

SAJENTI: Hilo ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo mkanikatiza. Mimi niliyejua kazi nilifunzwa na koplo mmoja mzee, Mungu amrehemu. Akinikuta nimeandika "mlalamishi alipigwa", ananirudisha: alipigwa na nani, kwa nini, saa ngapi, nani aliona, mkono upi? Alichana karatasi zangu mbele ya watu. Nilimchukia. Lakini kesi zangu hazikuanguka. Leo askari mchanga anakuja, koplo anamkabidhi kaunta, anakwenda kupumzika. Na simlaumu koplo. Amelala kwenye chumba kimoja cha laini, yeye na mkewe na watoto, na familia nyingine upande wa pili wa pazia.

Hilo la nyumba halikuanza leo. Septemba 2018 serikali ilitangaza kwamba polisi watapewa marupurupu ya nyumba na kuishi mitaani na raia, pamoja na sare mpya ya buluu iliyozua mzaha nchi nzima. Kamati ya Maraga nayo ilipendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 40, na utekelezaji ukaanza kwa awamu Julai 2024. Siyapingi haya. Askari anayeishi vibaya hawezi kuombwa uungwana kila saa, na habari za polisi wanaojiua au kuwaua wenzao zimekuwa nyingi mno kuitwa bahati mbaya. Ila mshahara bora peke yake hununua utulivu wa askari. Ujuzi ni habari nyingine.

Mwalimu wa Cheptais alikuwa bado hajasema neno. Alisubiri chai ya pili iletwe.

MWALIMU: Nimewasikiliza. Kwetu sisi, swali la vifaa lilijibiwa Machi 2008. Vilikuja vyote. Malori yalikuja, helikopta zilikuja, wanajeshi na polisi, mahema, redio. Operesheni Okoa Maisha. Simtetei mtu wa kundi la wapiganaji la SLDF hapa. Kundi lile lilizaliwa kwenye ugomvi wa ardhi ya Chepyuk, liliua mamia ya watu na kukata watu masikio. Lakini wanaume walikusanywa kwa maelfu, masokoni na majumbani, wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Waliorudi wengine walirudi wamevunjwa. Na wako ambao hawajarudi mpaka leo hii tunapokunywa chai. Human Rights Watch waliandika ripoti Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu akiniambia polisi wakipewa vifaa mambo yatanyooka, mimi namuuliza: vifaa mikononi mwa nani, na anaulizwa na nani?

SAJENTI: Mwalimu, kwa heshima, wale wa Kapkota walikuwa jeshi.

MWALIMU: Operesheni ilikuwa ya pamoja. Na mama anayepigwa buti mlangoni usiku hasomi beji.

SAJENTI: Sawa. Lakini tujiulize jeshi liliitwa kwa nini. SLDF walianza kuua 2006. Kuanzia hapo hadi Machi 2008, kituo cha Cheptais kilikuwa na nini? Askari wangapi, gari lipi, nani wa kupokea habari bila kumwanika mtoa habari? Polisi wa kawaida wangeweza kazi yao ya kawaida, jeshi lisingepanda mlima.

MWALIMU: Hapo nakubali. Watu waliogopa kuripoti. Na asiyeripoti huonekana kama mshirika, siku lori linapofika.

MSAIDIZI: Na haki haikupatikana hata Arusha. Shirika la IMLU, linalotetea waathiriwa wa mateso, liliishtaki Kenya kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, likidai wakazi zaidi ya 3,000 walitendewa ukatili. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikasema kesi imechelewa, mkataba unatoa miezi miwili tu.

MWALIMU: Miezi miwili. Mtu anayetafuta mwili wa mwanawe hahesabu miezi.

Maneno ya mwalimu na jibu la sajenti yanapaswa kusomwa pamoja, na ndiyo maana nilitaka mtu wa Cheptais awepo. Kituo dhaifu na operesheni katili ni ndugu. Dola iliyoshindwa kuwa na askari mmoja anayeaminika kwenye kaunta hujikuta baadaye ikipeleka helikopta, na bei ya helikopta inalipwa na watu wale wale walioomba askari mmoja. Trans Nzoia wanalijua hilo kwa upande wao, mpakani na Pokot Magharibi, ambako kila wizi mkubwa wa mifugo huleta wito wa operesheni, na operesheni ikiondoka kituo kinabaki kama kilivyokuwa.

KIJANA: Na mimi niseme la mafuta tena. Juni 2025, Albert Ojwang. Mwalimu kijana. Walimtoa Homa Bay hadi Nairobi, kilomita zaidi ya mia tatu, kwa sababu ya kitu kilichoandikwa mtandaoni kumhusu mkubwa wa polisi. Siku ya pili amekufa akiwa mikononi mwa polisi, kituo cha Central. Walisema amejigonga ukutani. Daktari wa maiti akasema sivyo. Kuka, siku hiyo mafuta yalipatikana. Yangeweza kufika Endebess mara ngapi?

SAJENTI: (kimya)

KIJANA: Siulizi kwa ubaya.

SAJENTI: Najua. Mafuta huwa yapo. Yanafuata amri ya mkubwa.

Maafisa kadhaa wameshtakiwa kwa mauaji katika kesi hiyo, nami nitaiachia mahakama kazi yake. Ninachokishika ni sentensi ya mwisho ya sajenti. Tatizo letu si kwamba nchi haina fedha za polisi. Bajeti ya huduma hii inazidi shilingi bilioni 100 kwa mwaka, na sehemu kubwa inakwenda kwenye mishahara. Swali ni nani anaamua kile kidogo kinachobaki kiende wapi. Septemba 2022 Rais Ruto aliihamisha bajeti ya polisi kutoka Ofisi ya Rais na kuikabidhi kwa Inspekta Jenerali. Tukashangilia uhuru wa polisi.

MSAIDIZI: Pesa zilitoka Harambee House zikaenda Jogoo House. Zilivuka barabara. Bado ziko Nairobi.

Ningeweza kumwachia yeye neno la mwisho, lakini msimamizi wa mjadala naye ana kura yake. Yangu ni hii. Anayemfunza polisi ni kituo, na kituo hufunza kwa njia tatu: kwa kile kilichomo kwenye droo, kwa yule aliyekaa kaunta kabla yako, na kwa lile ambalo mkubwa wako hulikagua. Fedha na walimu waelekezwe huko. Kila kituo kiwe na askari mmoja mzoefu ambaye kazi yake rasmi, anayopandishwa cheo kwa ajili yake, ni kusoma taarifa za wachanga na kuzirudisha, kama koplo yule mzee. Mgao wa mafuta wa kituo ubandikwe ukutani, lita zilizoingia na safari zilizofanywa, ili mwenye ng'ombe wa Endebess na mama wa mboga waone gari lilikwenda wapi. Warsha za hotelini zisimamishwe mpaka stoo za vielelezo ziwe na rafu, kufuli na bahasha. Anayeona hili ni dogo mno kwa taifa aende akae Jumatatu asubuhi kwenye benchi la kituo chochote kati ya Kitale na Bungoma, ahesabu wangapi wanatumwa ng'ambo ya barabara kutoa nakala ya fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha, ambayo wanapaswa kupewa bure.

SAJENTI: Na nani atawalazimisha kubandika hayo ukutani?

Swali zuri, na jibu lake lipo kwenye vitabu tangu 2011. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana, au mjumbe wa kamati tendaji ya kaunti aliyeteuliwa naye. Ndani yake wanakaa wakuu wa usalama pamoja na wananchi wa kawaida, wakiwemo wanawake, vijana, wafanyabiashara na watu wa dini. Miongoni mwa kazi zake ni kupendekeza malengo ya polisi katika kaunti na kusimamia matumizi ya bajeti ya polisi huko. Trans Nzoia inaongozwa na George Natembeya, aliyekuwa kamishna wa Bonde la Ufa kabla ya kugombea. Ukaguzi wa usalama si lugha ngeni kwake. Bungoma inaongozwa na Kenneth Lusaka, ambaye alikuwa Spika wa Seneti na anajua sheria inavyosomwa. Msomaji wa kaunti hizi mbili, kwenye baraza lijalo usiulize polisi wataongezwa lini. Muulize gavana wako mamlaka hiyo imekutana lini mara ya mwisho, ni nani anayekaa humo kwa niaba yako, na hesabu ya mafuta ya kituo chako iko wapi.